Bastola za kampuni, sebule ya Adoch

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka kwenye mabati ya Kyebando, mtaa wa Kampala. Walinzi wa zamu ya usiku wanaingia uani wakiburuta mabuti, na wa zamu ya mchana wanawasubiri kando ya dirisha lenye nondo. Nyuma ya nondo hizo amesimama Adoch, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mtunza silaha wa kampuni binafsi ya ulinzi. Anapokea bastola, anatoa risasi, anachungulia ndani ya mtutu, anaifuta kwa kitambaa, kisha anamkabidhi mlinzi anayeingia kazini.

Sasa angalia kinachofuata. Mlinzi aliyetoka zamu, kabla hajaenda kulala, anamgeukia mwenzake aliyepokea silaha ile ile.

"Hii inakula kushoto. Kama unataka kifua, lenga bega ya kulia."

Mwenzake anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango wa choo unakwama. Bastola inayofuata inakula chini. Nyingine, kwa maelezo ya aliyeirudisha, "iko sawa kidogo." Kila asubuhi na kila jioni kasoro za silaha hukabidhiwa kwa mdomo pamoja na silaha zenyewe, na maisha yanaendelea.

Watu hawa ndio wanaosimama milangoni mwa maduka ya kubadilishia fedha na baa za Kabalagala. Mteja analipia ulinzi, anaona bastola kiunoni mwa mlinzi, anatulia. Hajui kwamba bastola hiyo haipigi inapoelekezwa, na kwamba nyuma ya bega la mwizi anaweza kuwa amesimama mama wa watu anayekaanga chapati. Kampuni inajua. Inajua na inatuma ankara kila mwisho wa mwezi bila haya.

"Watu wa nje wakisikia mlinzi amekosa, wanasema hajui kulenga," anasema Adoch huku akifunga dirisha. "Hapa watu wanajua kulenga. Tumewafundisha kulenga pembeni."

Adoch hakuijia kazi hii kwa bahati mbaya. Alizaliwa katika kambi ya polisi. Baba yake, Abdul-Karim Ogwang, alikuwa polisi kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, aliyeswali Ijumaa, na mama yake hakukosa misa ya Jumapili, kwa hiyo nyumbani kwao pilau ililiwa Idi na ikaliwa tena Krismasi. Kiswahili alikipata hapo hapo kambini, kwa watoto wa askari wa kila kabila. Mwenyewe alitumikia polisi katika ghala la silaha kwa miaka mingi, na alipoondoka, kampuni hii ikamchukua.

Analipwa shilingi laki nne na nusu kwa mwezi. Anapanga vyumba viwili huko Kyambogo, pamoja na binti yake Lanyero, aliye sekondari. Majirani humwita Mama Lanyero, walinzi humwita Afande. Jina la kampuni halitajwi hapa kwa sababu ameomba hivyo. Jina lake amesema liandikwe.

Ubovu wa bastola hizi una historia fupi na ya aibu. Kampuni ilizinunua zikiwa zimekwisha tumika. Juu ya kila bastola kuna vichuma viwili vidogo vya kulengea, kimoja kwenye ncha ya mbele na kingine nyuma, na kila kimoja kimekazwa ndani ya mfereji wake. Kikisogea upana wa unywele tu, risasi inakwenda kwingine. Aliyekuwa mtunza silaha kabla ya Adoch alivipigilia vichuma hivyo kwa nyundo, kama mtu anayepigilia msumari wa kutundikia kalenda. Tangu siku hiyo walinzi wakaanza kuambiana mabega.

Mapema mwaka huu kampuni ilileta vichuma vipya kwa bastola zote. Ukaguzi ulikuwa unakaribia, na kampuni ilitaka ionekane inajali. Vilifika katika kifuko cha plastiki, vinang'aa. Chombo cha kuvifunga hakikuletwa.

Chombo chenyewe si kikubwa. Ni kama jiliwa dogo la fundi chuma: linabana sehemu ya juu ya bastola, kisha unazungusha skrubu, nayo inakisukuma kichuma polepole hadi mahali pake, bila nyundo wala kovu. Adoch aliomba kinunuliwe. Akaambiwa asubiri. Alipochoka kusubiri, akachukua bastola moja, ile iliyokula kushoto kuliko zote, akaiweka juu ya kipande cha ubao, akakigonga kichuma kipya taratibu kwa kipande cha shaba. Ikanyooka. Mwenyewe anakiri kwamba mkono ulimkubali tu siku hiyo, na kwamba hathubutu kurudia kwa zilizobaki.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Bastola ile ilikuwa ya Bonny, mlinzi wa zamu ya usiku, kijana mtulivu aliyeibeba kwa miaka minne. Adoch alimwambia mlinzi wa mchana kwamba silaha imenyooka, amwambie Bonny watakapokabidhiana. Mwenzake huyo akasahau. Hakuna ubaya wowote alioukusudia: alikuwa amezoea kukabidhi kasoro, na mara hii hakukuwa na kasoro ya kukabidhi.

Siku mbili baadaye walinzi wakapelekwa kwenye jaribio la mwaka la kulenga shabaha. Bonny akasimama mbele ya mtu wa karatasi, akalenga bega la kulia kama alivyofanya kwa miaka minne. Bastola nayo ikatii. Risasi zikatoboa bega na nyingine zikapita pembeni kabisa. Kifua kikabaki kizima. Wiki hiyo hiyo akafukuzwa kazi, na sababu iliyotolewa ni kwamba hana uwezo.

Adoch alikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo. Akaeleza kila kitu, tangu nyundo ya yule wa kwanza hadi ubao wake mwenyewe. Meneja akamsikiliza, akauliza kama bastola ya Bonny ilikuwa nzima siku ya jaribio. Adoch akajibu ndiyo. Basi, meneja akasema, silaha ilikuwa nzima na mtu akakosa, kosa ni la mtu.

Msomaji aisome tena sentensi hiyo. Kwa miaka minne mtu amelazimishwa kuzoea upotovu wa mwajiri wake, na siku upotovu unaponyooshwa bila yeye kuambiwa, anafukuzwa kwa kutonyooka. Jumba bovu likamwangukia Bonny, na walioliacha likaoza wakaenda kula chakula cha mchana. Leo Bonny anapakua kreti za soda nyuma ya baa moja ya Kabalagala, hatua chache kutoka mlango aliokuwa akiulinda.

"Mimi sina neno na Afande," anasema Bonny alipoulizwa. "Yeye alitengeneza. Lakini mimi nilifukuzwa juu ya bunduki kuwa mzuri. Hiyo nitaeleza bibi yangu namna gani?"

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo kampuni ingenunua chombo. Meneja alikuja na shauri jingine. Alimwita Adoch ofisini na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, anunue chombo hicho yeye mwenyewe na kazi aifanyie nyumbani. Ghala la kampuni, alisema, lina kibali cha kuhifadhi silaha tu, na wakaguzi wakikuta meza ya ufundi watauliza maswali. Nyumbani kwa Adoch hakuna wa kuuliza. Abebe sehemu za juu tu, aiache mitutu ghalani. Hiyo si bastola, alisema, ni chuma. Tena akishakuwa na chombo, kampuni nyingine zitamletea za kwao na atapata biashara. Alitaka jibu ifikapo Ijumaa. Akaongeza kwamba asiyetaka kujiendeleza huwa hadumu katika kampuni inayokua.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Maswali ambayo meneja hataki yaulizwe ofisini kwake anataka yaulizwe sebuleni kwa mwanamke anayelala chumba kimoja na binti yake. Polisi wakiingia humo na kukuta vipande vya bastola kwenye begi, nani atapanda gari lao? Hawatakwenda kumuuliza meneja.

"Nilikaa ghala ya serikali, najua sheria," anasema Adoch. "Mtu bila leseni hawezi kutengeneza silaha kwa nyumba. Hata kipande. Yeye pia anajua. Ndiyo maana hataki iwe kwake."

Lakini asidhaniwe kwamba alikataa papo hapo. Hapa ndipo mwandishi wa makala haya alipomwona akiteseka. Bei ya chombo ni laki sita, zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima, na kukosa kazi ni Lanyero kufukuzwa shule katikati ya muhula kwa kukosa ada. Isitoshe, alikitaka. Alikwenda kukitazama kwa Okidi, mzee waliyefanya kazi pamoja polisi, ambaye sasa ana karakana yenye leseni. Okidi alimwachia ajaribu. Alizungusha skrubu, kichuma kikasogea kama kinachovutwa kwa uzi, kikasimama alipotaka kisimame. Akakirudisha, akakisogeza tena. Anasema alikaa pale hadi Okidi akaanza kumcheka.

"Ile kitu ni tamu," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Nikijua iko, naona nyundo kama dhambi."

Aliporudi Kyambogo jioni ile, alimweleza jirani yake Esperance, mama kutoka mashariki ya Kongo anayeshona nguo kwenye kibaraza chao. Nyumba zao zinatenganishwa na ukuta mmoja. Watoto wa Esperance hula kwa Adoch mama yao anapochelewa sokoni, na Lanyero hufanya kazi zake za shule penye taa ya cherehani. Adoch alimweleza taratibu, akasisitiza kwamba ni vipande tu, havina risasi. Esperance alisimamisha cherehani.

"Mama Lanyero, mi nilikimbia bunduki na mtoto mu mgongo," alimwambia. "Hata ukiikata vipande, iko bunduki tu. Ukileta ile kitu mu nyumba, mi nitahama, na nitalia, juu wewe uko dada yangu."

Adoch anasema usiku huo alijaribu kupanga ni wapi angeliweka jiliwa hilo, juu ya meza ya kulia au chini ya kitanda cha binti yake, na kila mahali alipofikiri palimtia aibu.

Ijumaa akapeleka jibu. Hatanunua, na hakuna kipande cha silaha kitakachovuka geti kwenda kwake. Meneja akacheka na kusema mafundi wako wengi Kampala. Adoch akamwambia amtafute mwenye leseni, kisha akaongeza jambo ambalo meneja hakulitegemea. Kila bastola inayotoka dirishani hutoka kwa sahihi ya mtunza silaha kwamba ni nzima. Kuanzia Jumatatu hatatia sahihi kwa silaha iliyopinda.

Jumatatu asubuhi dirisha linafunguliwa kama kawaida. Walinzi wanapanga foleni. Bastola ya Bonny peke yake inatoka, imenyooka, na aliyeipokea anaelezwa mara mbili kwamba kifua ni kifua. Wengine wanapewa virungu. Kuna manung'uniko, wapo wanaoogopa watachekwa huko waendako, na mmoja anauliza kama mwizi naye ataleta kirungu. Mzee Ogwal, mlinzi mkongwe kuliko wote, anakipokea chake na kukipima uzito mkononi.

"Afande, asante," anasema. "Leo nikipiga, nitapiga pale naangalia."

Kicheko kinaenea uani, lakini Adoch hacheki. Simu ya ofisini imeanza kulia. Mteja wa kwanza anataka kujua kwa nini mlinzi wake amefika na rungu, na sauti ya meneja inasikika hadi nje ikieleza habari za matengenezo ya kawaida. Baada ya hapo anapiga mteja wa pili.

Anachotaka Adoch si kingi. Kampuni inunue chombo, itafute kibali cha meza ya ufundi, naye atafunga vichuma vyote bila kudai nyongeza. Bonny arudishwe kwenye jaribio na bastola ile ile, safari hii akiwa ameambiwa ukweli. Ndoto yake mwenyewe ni ya mbali zaidi: karakana ndogo kama ya Okidi, yenye leseni ukutani, ambapo atanunua jiliwa lake kwa fedha yake na kulifunga mezani mchana kweupe.

Kuhusu leo, hajui kama atafika mchana akiwa bado na kazi. Mlango wa meneja umefunguliwa, na mtu anamwita kwa jina, si kwa cheo.

"Wakinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa kukataa," anasema huku akifunga kufuli la ghala. "Naweza kuambia Lanyero hivyo. Kufungwa kwa kukubali, hiyo ningemwambia nini?"

Anatia ufunguo mfukoni na kuelekea ofisini.