Hukumu za Manol

Ukiuliza hapa mjini Devin nani alikuwa na ulimi mkali kuliko wote, watakuambia ni mimi, Zafira, mke wa Velichko mpiga zumari. Wananionea. Mimi nikisema, maneno yanapita na upepo. Manol Uzunov alikuwa anayabandika kwa gundi, na hilo ndilo linalomtafuna mpaka leo.

Kiwanda cha mbao kilipofungwa, Manol alilitoa gari lake gerejini, akalifunika turubai uani, akapigilia rafu ukutani na kufungua duka la kukodisha kanda za video. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili, televisheni na deki aliyouziwa na dereva wa malori. Kila kanda iliyoingia aliitazama kwanza yeye mwenyewe, mpaka majina ya mwisho, halafu akaandika hukumu yake kwenye kikaratasi na kukibandika juu ya kasha. Hakuuliza kama umependa picha ya jaladani. Ulisoma hukumu, ukachagua.

Na watu walizipenda zile hukumu, tusidanganyane. Kwenye filamu moja ya Kimarekani aliandika: "Jamaa amepigwa risasi tangu mwanzo hadi mwisho na shati bado limenyooka. Chukua kama unataka kujua anayempigia pasi." Kwenye filamu ya Kihindi: "Leso mbili. Ya pili mpe mumeo, atasema ni vumbi." Kwenye filamu ya mapenzi ya Kifaransa: "Wanavuta sigara, wanaagana, hawaondoki." Enzi hizo filamu zote zilitafsiriwa na kusemwa na mwanamume mmoja mwenye mafua, majambazi, watoto na mabibi harusi kwa sauti ileile, na Manol alimhukumu na yeye: "Leo mtafsiri ameamka vibaya, amemkasirikia hata bibi."

Ijumaa jioni foleni ilifika kwa fundi viatu. Kuna waliokuja kusoma tu, wakacheka, wakaenda zao.

Lakini Manol hakujivunia filamu. Alijivunia muziki. Kanda za maonyesho ya muziki alizitazama amefumba macho, na hapo hakuwa na huruma hata chembe. Bendi moja ya vijana wenye nywele ndefu: "Moshi mwingi. Mpiga ngoma peke yake ndiye aliyekwenda kazini." Mama mmoja wa opera: "Anakufa robo saa na sauti inatikisika kama beseni la maji. Ndivyo walivyo hawa." Mpiga piano aliyesifiwa magazetini: "Kidole kizuri, piano mbovu. Hakukuwa na mtu wa kuikaza nyuzi?"

"Manol," nilimwambia siku ile, "ukumbi wote ule, watu na tai zao, wangemwekea piano mbovu?"

"Shemeji, mimi naandika ninachosikia. Masikio haya hayajawahi kunidanganya."

Na kweli masikio yake yalikuwa na sifa. Utotoni yeye na dada yake Fidanka walichunga kondoo wa baba yao juu ya korongo. Manol alikuwa anavuka hadi upande wa pili, Fidanka anabaki huku, anavuta sauti moja ndefu. Manol anainua mkono. Sauti ikiyumba hata kidogo, mkono unashuka, na binti anaanza upya. Hivyo ndivyo Fidanka alivyojifunza kuimba zile nyimbo zetu za polepole, ambazo sauti moja inashikiliwa mpaka msikilizaji ndiye anayekosa pumzi. Hakufundishwa na mwingine. Alikua, akaolewa, akaingia kiwanda cha soksi, na katika harusi zote za bonde hili alisimama yeye akaimba, Velichko wangu akimfuata kwa zumari yake ya mfuko wa ngozi ya mbuzi.

Basi mwaka mmoja jumba la utamaduni likamwandalia Fidanka onyesho lake mwenyewe. Akaja mpiga picha kutoka mji mkubwa wa Plovdiv na kamera mbili. Ukumbi ulijaa, watu walilia, mimi nililia na sioni aibu. Baada ya wiki chache zikatoka kanda za video, na jaladani Fidanka na vazi la mama yao. Mtu wa redio kule Plovdiv akatuma ujumbe: anataka aende akarekodi, na akifanya vizuri kuna safari na kikundi. Fidanka alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alijua basi la namna hiyo halirudi kumpakia mtu.

Akampelekea Manol kanda gerejini mwenyewe. Nilikuwapo, nimekwenda kurudisha filamu.

"Kaka, hukumu na hii," akasema. "Na usiniandikie kama ndugu. Niandikie kama unavyowaandikia wengine. Ukisema iko sawa, nakwenda Plovdiv. Wengine wote wananisifu hata nikikohoa."

"Unajua mimi sina ndugu nikikaa hapa," Manol akajibu, na alifurahi kuombwa hivyo, uso wote ulimwiva.

Aliitazama peke yake, milango imefungwa. Kesho yake kikaratasi kikatoka: "Ilikuwa sauti. Sasa kila anapoishikilia inamtetemeka, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Na mpiga zumari alipanda jukwaani na chupa tumboni. Mwimbaji angeacha mapema, awaachie watu kumbukumbu."

Mimi sikutembea, niliruka. Nilimkuta amekaa amekunja mikono, macho mekundu. Nadhani alikuwa amelia kabla ya kuandika, na alijiona shujaa kwa ajili hiyo.

"Chupa gani?" nikamfokea. "Velichko alikuwa na jino! Alikuwa anameza vidonge, daktari alimkataza hata bia! We Manol, nitakubandika wewe hapo ukutani!"

"Kaa, shemeji. Sikiliza mwenyewe."

Akaiweka kanda. Fidanka akavuta sauti, na sauti ikayumba. Zumari nayo ikayumba. Nilirudi nyumbani nikafungua kabati, nikanusa koti la Velichko la jukwaani, mifuko yote. Mwanamume wa watu alisimama mlangoni akinitazama, shavu limevimba, hakuelewa kosa lake.

Wengine walimwambia. Mwalimu wa jiografia alikuwa na deki yake, aliitazama kanda ileile nyumbani, akaja kusema kwake yeye iko safi. Wanawake wa kiwanda cha soksi nao wakasema. Manol akawajibu wote jibu moja: "Mnamwonea huruma. Mimi ndiye ninayempenda, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwambia ukweli." Hakutoka pale gerejini kwenda kusikiliza kwa mwalimu. Hatua hamsini kupanda kilima. Hata leo akipita pale anatazama upande mwingine.

Fidanka alikisoma kikaratasi amesimama. Hakugomba. Alimwambia, "Ahsante, kaka," akaweka kanda mezani, akatoka. Plovdiv hakwenda. Harusini nako aliacha. Akiombwa alisema koo linamsumbua. Ndugu hawakununiana. Sikukuu walikula pamoja, viazi walipelekeana, lakini nyumbani kwa Fidanka hakuna aliyeimba tena, hata kwa mtoto. Velichko alipiga zumari na waimbaji wengine na kila mara alirudi akisema, "Si mbaya," kwa namna ambayo ungejua ni mbaya.

Miaka ikaenda. Zikaja sahani za kung'aa za DVD, zikaja filamu za kwenye kompyuta, gereji ikafungwa, gari likarudi ndani. Deki Manol aliitupa. Kanda za muziki hakuzitupa.

Velichko wangu alinifia mwezi wa pili, baridi kali. Nilitaka siku ya arobaini, watu wakija kula na kumkumbuka, wamsikie akipiga. Na kanda pekee ya video iliyomwonyesha vizuri ilikuwa ile, na iliyobaki ilikuwa kwa Manol. Nilimeza kiburi nikamwendea Manol.

"Ataonekana amelewa, shemeji," akasema kwa upole.

"Aonekane. Namtamani hata akiwa amelewa."

Tukaenda pamoja mjini Smolyan, kwa fundi mmoja aitwaye Kostadin anayehamisha kanda za zamani kwenye sahani. Akaipangusa vumbi ile kanda, akaiweka kwenye mtambo wake, akabonyeza. Velichko akajaza mfuko upepo, ikaanza ile sauti nzito ya chini. Halafu Fidanka akafungua kinywa.

Sauti ilitoka ikanyooka. Ilikaa pale, haikutikisika, ikaendelea kukaa, na zumari chini yake imetulia kama sakafu. Nikasikia kiti cha Manol kinalia.

"Umeitengeneza," akamwambia fundi. "Umepitisha kwenye kompyuta."

"Sijagusa kitu, mzee. Ndivyo ilivyorekodiwa."

"Mimi nimeisikia ikitetemeka. Nimeisikia kwa masikio yangu!"

"Kwenye deki gani?"

Manol akamweleza. Kostadin akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuona mengi. "Kigurudumu cha mpira kinachovuta kanda kilikuwa kimekwisha. Kanda inakwenda kwa kusitasita. Kwenye filamu hujui, watu wanaongea, magari yanalipuka. Ila ukiweka sauti ndefu, piano, mtu wa opera, hapo inayumba yote."

Nilimwona Manol anamhesabu mama wa opera, anamhesabu na mpiga piano. Midomo ilikuwa inamcheza. Kwamba sauti ya dada yake na zumari ya mume wangu ziliyumba pamoja, kwa wakati mmoja, kipimo kimoja, hilo lilikuwa mbele yake siku zote. Watu wawili hawatetemeki sawasawa. Mwenye masikio angelijua.

"Na Velichko?" nikamuuliza. Nilitaka alitamke.

"Hakuwa amelewa," akasema. "Nisamehe, Zafira." Nilimsamehe palepale, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuwa na nafasi ya mambo mawili.

Hakutaka kupita kwake kwanza. Basi lilipotushusha tukaenda moja kwa moja kwa Fidanka. Tulimkuta jikoni anakwangua viazi vya chapati nene ya kesho, ya arobaini ya Velichko, mikono imejaa maji ya viazi. Manol hakuvua hata kofia.

"Ilikuwa deki," akasema. "Fidanka, ilikuwa deki. Wewe uliimba sawa. Mpira ulikwisha, mpira tu, kitu kidogo hivi. Nimekuandikia uongo."

"Najua, kaka. Kaa basi."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilikuwa nimekwisha kuisikiliza kwa mwalimu kabla sijakuletea. Na hata nisingeisikiliza, mtu anajua pumzi yake."

Manol akabaki amesimama katikati ya jiko. "Sasa kwa nini hukwenda Plovdiv? Kwa nini hukuniambia?"

Fidanka aliendelea kukwangua mpaka kiazi kikaisha, akachukua kingine.

"Watu walikuambia, hukutaka. Mimi nikangoja. Nikasema huyu ndiye aliyeinua mkono kule korongoni, anaijua sauti yangu kabla sijaijua mimi. Atakaa, ataikumbuka, atasema hapana, huyu siye Fidanka, kuna kitu kimeharibika hapa. Ukaamini deki." Akajifuta shavu kwa kiwiko. "Baada ya hapo, kila nikifungua kinywa nilikuwa nauona mkono wako unashuka. Ningeimbaje hivyo?"

Mimi nilitaka kumsema Manol mpaka basi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuweza. Alikuwa amezeeka pale pale mbele yetu.

"Imba kesho," akamwomba. "Kwa ajili ya Velichko. Wimbo mmoja. Nitasimama nje, uani, kama kule. Nitainua mkono na sitaushusha, Fidanka. Naapa sitaushusha."

Fidanka akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akaweka kiazi chini. Akasimama wima kama alivyosimama jukwaani, akavuta pumzi, akaishika ile sauti ya kwanza, na Manol, hapohapo jikoni na kofia kichwani, akainua mkono.

Sauti ilitoka. Ilikwenda kidogo, ikaanza kutikisika, akaikaza, ikatikisika zaidi, ikamkatikia. Mkono wa Manol ulikuwa bado juu.

"Ushushe, kaka," Fidanka akasema taratibu. "Sasa ndiyo inatetemeka. Wewe uliandika mapema tu."

Kisha akaniomba nimpe chumvi.