Mwonekano wa Kwenye Kochi

Kabla ya kushika kompyuta nilishakuwa utingo wa malori, nikabadilisha pesa pale mpakani, kwacha ya Zambia kwa shilingi, nikaendesha bodaboda mpaka nikaichoka. Shule niliiacha kidato cha pili. Kuchora ramani za nyumba nilijifunza kwenye stesheneri moja ya Tunduma, nikimchungulia begani kijana aliyekuwa akichora, mpaka akanipa kiti ili aache kunihisi nikipumua shingoni mwake.

Baadaye nilipata kazi kwa mama mmoja msanifu majengo, mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la matairi. Wateja walimwita injinia, naye alishachoka kuwarekebisha. Alitoka mkoa mwingine, mbali na huku. Alijua kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akifanya kazi yoyote, na hakupenda uchafu.

Mimi nilikuwa mchafu. Programu ile ya kuchorea inakuruhusu kuitazama nyumba kutoka popote, kabla hata ya tofali la kwanza. Kila unaposimama, inakuhifadhia mwonekano. Nilisimama kila mahali. Nilitazama kutoka juu ya bati, kutoka ndani ya sinki, kutoka uvunguni mwa kitanda. Mionekano yangu ilijaa kwenye faili ikiwa na majina kama "jaribu", "jaribu tena", "kopi ya kopi". Faili likawa zito, likifunguka polepole kama lori lililobeba shaba linavyopanda mlima.

Asubuhi moja bosi alitaka kumtumia faili injinia wa nondo aliyeko Mbeya. Ilikuwa nyumba ya mama mmoja mfanyabiashara wa unga, ambaye mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu.

"Safisha," bosi aliniambia. "Mwonekano ambao haujawekwa kwenye karatasi ya kuchapwa hauna kazi. Chagua yote, futa."

Nilianza. Lakini siwezi kufuta kitu bila kukifungua. Sijawahi kuweza.

"Wewe unafuta takataka au unatembelea makumbusho?"

"Nafuta, bosi."

"Kwa hiyo kila unachofuta lazima ukisalimie kwanza?"

Nikaendelea kusalimia. Ndipo nikaufikia mmoja niliouita "kwenye kochi".

Huo niliuhifadhi kwa sababu maalumu. Yule mama wa unga alitaka kumleta mama yake mzazi kutoka Isansa, ambako alikuwa anaishi peke yake na mguu unaomsumbua. Bibi alikubali kwa sharti moja. "Mama kasema," binti yake alituambia siku ya kwanza, "kama mkwe wake atamwona akitoka kuoga, yeye anabaki Isansa na kuku wake." Vijana wa mjini wanaweza kucheka. Lakini huku kwetu mama mkwe na mkwe wake wanapishana mbali, na wapo wazee ambao hata kusalimiana kwao hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo nilikaa pale ambapo dereva angekaa, kwenye kochi la sebuleni, macho kwenye usawa wa macho yake, nikatazama kuelekea korido. Wakati ule bafu halikuonekana.

Sasa lilionekana, mlango mzima, katikati kabisa ya korido.

Watu hudhani mwonekano ni picha. Ni dirisha. Ukihamisha mlango kwenye ramani, kila mwonekano unaoutazama mlango ule unabadilika wenyewe, hata kama hakuna aliyeufungua kwa miezi.

"Bosi, bafu limehama?"

"Nimeligeuza. Sasa linatumia ukuta mmoja na jiko, mabomba yanakuwa mafupi."

"Mteja anajua?"

"Ataona kwenye ramani."

Ramani inaonyesha nyumba kama anavyoiona kunguru. Yule mama si kunguru. Nikamweleza bosi habari ya bibi na mkwe wake.

"Mlango una kitasa," alisema. "Si atafunga?"

"Kufunga atafunga. Kutoka je?"

"Hayo wataelewana wenyewe. Futa."

"Sifuti."

"Umesemaje?"

"Nimesema sifuti, bosi. Mingine yote nitafuta. Huu sifuti."

Aliniangalia kama mtu aliyeng'atwa na kiatu chake. Nikatoka nje kwenye ngazi, nikampigia simu mteja. Nilijua kabisa kwamba nampigia mteja wa mtu mwingine, kwa simu yangu, saa za kazi. Nilipiga hivyo hivyo.

Alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Alifika mchana, mabega yakiwa meupe kwa unga. Nikamfungulia.

"Hapa ni wapi?"

"Kwenye kochi lenu. Umekaa anapokaa baba watoto."

Aliinamisha kichwa pembeni, kama vile angeweza kuchungulia nyuma ya mlango. Kisha akanyooka.

"Na mama atapita wapi?"

Bosi alivuta kiti, akanisukuma kwa kiwiko, akashika kipanya. Lazima niseme ukweli, ningehangaika hadi jioni. Yeye aliacha mabomba yake palepale, akaongeza ukuta mfupi kwenye korido, akaugeuza mlango uangalie pembeni. Kutoka kwenye kochi ukabaki kuonekana ukuta mtupu.

"Hapo sawa, injinia," yule mama alisema. "Hapo mama yangu anakuja."

Alipoondoka, bosi aliniambia, "Haya. Kazi yake imekwisha. Futa sasa."

"Haijaisha. Fundi atauona ule ukuta, atasema haubebi kitu, atauruka abaki na tofali."

"Huo ni wasiwasi wako."

Basi nikafanya kitu ambacho sijakitolea udhuru mpaka leo. Nilitengeneza karatasi mpya mwishoni mwa michoro yote, nikaupachika mwonekano ule katikati, na chini yake nikaandika: ukuta huu ni kwa ajili ya mama mkwe. Kisha nikafuta mingine yote, pamoja na kopi zake, bila huruma. Faili likafunguka kwa pumzi moja.

"Toa hiyo karatasi kabla hatujachapa."

"Kilicho kwenye karatasi hakifutwi. Kanuni ni yako, bosi."

Alisonya msonyo mrefu. Kisha akachapa, yote, pamoja na ile ya mwisho.

Fundi alijaribu kweli kuuruka. Alisema ukuta ule unaziba njia tu. Mama wa unga aliikunjua karatasi ya mwisho juu ya rundo la mchanga, akamwambia, "Soma hapo chini." Ukajengwa. Bibi alikuja kutoka Isansa na kuku wake wote, na mkwe wake akirudi safari hukaa kwenye kochi lake, akitazama ukuta.

Siku ile ile ya kuchapa bosi aliniambia nisirudie tena kuweka karatasi kama ile. Nimerudia katika kila nyumba niliyochora, kwake na kwingine kote nilikopita baada ya kuondoka.