Nilikwenda Fizi Kumchukua Mjomba

Sababu ya safari yangu ilikuwa mama. Vita vilipofika kijijini kwetu Makobola na kumchukua baba, sisi tuliobaki tulikimbilia Kigoma, Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Katika tumbo lao mama alikuwa amebakiwa na kaka mmoja tu, mjomba wangu Pasta Asukulu, aliyekataa kuliacha kanisa lake pale Fizi. Siku moja wakimbizi wapya wakamwambia mama kwamba wapiganaji wa kule wamemkasirikia Pasta, kwa kuwa anaficha adui nyumbani mwake.

"Riziki, enda umulete," mama aliniambia. "Hata kama ni kumukokota."

Tuliondoka Kigoma alfajiri kwa boti ya mbao iliyobeba chumvi na sabuni. Mchana milima ya Ubwari ilijitokeza, kijani kama nilivyoiacha, na jua lilipolegea tukashuka Baraka. Nyumba nyingi zilikuwa zimeezuliwa mabati, lakini akina mama walikuwa wameanika ndagala, wale dagaa wetu, ufukweni kana kwamba hakuna lililotokea. Nililala kwa Mama Echa, muumini wa kanisa letu. Alinipa bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaniambia, "Pasta iko muzima. Lakini ameshika kitu ya moto, na hataki kuiacha."

Asubuhi nilipanda njia ya Fizi pamoja na wanawake wachuuzi wa chumvi. Kwenye mto Mutambala palikuwa na kizuizi cha vijana wenye bunduki. Tuliwaachia chumvi kidogo, tukapita.

Nilimkuta mjomba akipasua kuni. Alinikumbatia, akaniingiza ndani. Palikuwa na mama mrefu, mguu umefungwa vitambaa, anachambua maharage. Sura yake ilinitosha kujua ni wa milimani, wa kabila ambalo kwetu hakuna aliyelitaja bila kutema mate. Alinisalimu, nami sikuitika.

Nilimvuta mjomba nje. "Bale ndio baliua baba!"

"Mama Nyamahoro hakuua muntu. Benzake balikimbia, akabaki nyuma. Alifika hapa na muguu inaoza, akaomba maji kwa jina ya Yesu. We ungefanya nini?"

"Ningemupa maji, kisha aende."

"Aende na muguu gani?"

Jumapili mabenchi mengi yalikuwa matupu. Mjomba aliwaombea kwa sauti watu wa ziwani na watu wa milimani, na mzee mmoja akainuka akatoka. Baada ya ibada nilimuuliza kama haogopi. "Naogopa sana," alisema. "Lakini nilimupa Mungu maisha yote, siyo ile sehemu yenye haiumi."

Jumatatu alikubali kuteremka nami hadi Baraka, tumpandishe yule mama kwenye boti; mwanawe alisikika yuko upande wa Tanzania. Nilifurahi moyoni: mjomba akifika majini, nilijisemea, naye nitampandisha. Tuliteremka polepole, yule mama akiegemea fimbo, na penye mawe mjomba akambeba.

Kizuizini kijana mmoja, mkubwa wa wale wenye bunduki, alitusimamisha. "Pasta, huyu mama ni nani?"

Nilitamani aseme ni jamaa yetu. Akasema, "Anaitwa Nyamahoro. Ni wa milima. Ni mugonjwa, namupeleka kwa mutoto wake."

"Unapitisha nyoka mbele ya macho yetu?"

"Napitisha dada yangu katika Kristo. Na wewe nilikubatiza mu hii mayi. Kama munatafuta damu, muanze na yangu."

Kijana aligeuka akautazama mto. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimemshika yule mama mkono; sijui niliushika saa ngapi.

"Bapite," akasema. "Lakini we Pasta, kurudi utapita hapa hapa."

"Nitapita."

Baraka, mjomba alimbeba yule mama hadi ndani ya boti, kisha akarudi nyuma, maji yakimfika magotini.

"Mujomba, panda! Umesikia venye balisema!"

"Nimesikia. Na mi nilisema nitapita. Tena Jumapili nani atafungua kanisa?"

Injini ikawaka. Katikati ya ziwa mama Nyamahoro alitapika, nikamshika kichwa. Alipotulia aliniambia kwamba mumewe na binti yake waliuawa na watu wanaosema kama mimi.

Kigoma, mama alitupokea mlangoni. Alitazama nyuma yangu, akimtafuta kaka yake, kisha akamtazama yule mgeni.

"Huyu ndiye umeniletea?"

"Mujomba alisema ni dada yetu."

Mama aliingia ndani. Nilimsikia akilia, akimtaja baba kwa jina. Kisha akatoka na ndoo. "Maji ya kuoga iko," alimwambia mgeni. "Huo muguu tutaukanda na chumvi."

Mama Nyamahoro alikaa kwetu hadi mwanawe alipokuja kumchukua. Habari za mjomba zilikuja na wachuuzi wa ndagala: kizuizini walimshika, wakampiga, mkono mmoja ukapinda na haukunyooka tena. Walipomwachia alirudi Fizi, na Jumapili iliyofuata mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Yule mzee aliyeondoka katikati ya ibada pia alirudi, akakaa benchi la mbele.

Nilikuwa nimejifunza katekisimu nzima nikiwa mtoto. Lakini kumfuata Kristo bila kupunguza kitu nilijifunza kwa mtu aliyesimama majini akatuaga, akageuka kuelekea kizuizini.

Mama hakunituma tena kumleta mjomba. Alinituma kumpelekea dawa ya mkono.