Marakuja Niliyopelekea Wakwe

Aibu yangu niliimaliza yote siku moja, pale mtaa wa Katindo, mbele ya watu karibu themanini na mbuzi sita, kwa hiyo leo mukitaka kucheka mucheke tu, hakuna kilichobaki cha kunipokonya. Nilienda kutoa dot, ile mahari, ya mchumba wangu Kahindo nikiwa nimevaa koti, na nikarudi kwetu Katoyi nimelazwa juu ya chukudu, hiyo baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, miguu inaning'inia, mbuzi wangu mwenyewe ananiangalia kwa huruma.

Mimi kazi yangu ni juisi. Ninyi munanijua kama Bahati wa marakuja, hizi pasheni, lakini wakati ule nilikuwa najiita enjinia, kwa sababu shirika moja (sitalitaja, walitupa mikate na sukre, yaani soda, siku tatu, nawaheshimu) lilitufundisha namna ya kutengeneza juisi inayokaa miezi bila kuharibika, na mwisho wakatupa cheti, breve yenye muhuri, nami yangu nikaibandika ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo wengine wanaweka Mama Maria. Sasa nisiwafiche. Siku ya tatu, mwalimu alipofika kwenye somo la kufunga chupa ya moto na kuipoza, Kahindo alinipigia simu, nikatoka nje, tukaongea mapenzi karibu saa nzima, na niliporudi watu walikuwa wanapiga makofi. Hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe. Mengine yote, kukamua na kuchuja na kuchemsha, hata bibi yangu wa Rutshuru aliyajua. Nikaandika kwa haraka kutoka daftari ya jirani: jaza ikiwa moto, funga hapo hapo, laza chupa ili ule moto uue vijidudu vya kwenye kifuniko, halafu poza pole pole. Mistari minne tu. Breve ikaja.

Baba yake Kahindo, Papa Kambale, ni muzee wa Butembo aliyezeekea katika biashara, vinywaji vya kila aina vilipita mikononi mwake kutoka mpaka wa Bunagana miaka na miaka. Muzee wa maneno machache. Alikuwa amemwambia binti yake kwamba mutu anayekoroga matunda kwenye sufuria bado hawezi kusema ana kazi, na kwamba kuna kijana mwingine mwenye gari kubwa la mizigo, mutoto wa kwao, anayemuulizia. Basi neno lake lilikuwa hili: niende na mbuzi zangu, na siku hiyo hiyo nimuonyeshe kazi inayomlisha mutoto wake. Akiiona ni kazi, mbuzi zinabaki. Akiiona ni mchezo, mbuzi zinarudi na mimi nazifuata.

Kila mutu anayetoa dot analeta kazie za sukre, kreti nzima nzima. Mimi nikaona hapana, sitaleta kinywaji cha watu wengine wakati nina changu, nitaleta chupa mia moja za juisi yenye jina langu, muzee aone kiwanda kinaingia kwa mulango. Kahindo aliniomba kwa upole kabisa. "Bahati, leta sukre sawa watu wote. Kazi yako ataiona siku ingine." Nikamjibu kwamba mambo ya viwanda hayaelewi. (Mungu anisamehe, na yeye pia, maana bado hajamaliza kunisamehe.)

Jumamosi moja kabla ya dot tukapika, mimi na tantine Espérance, dada mudogo wa marehemu baba yangu, ambaye hakusoma formation, mafunzo ya aina yoyote, isipokuwa ya kulea watoto saba. Chupa zilikuwa nzuri, nilikuwa nimechagua zile za plastiki nene zinazovumilia moto, na vifuniko vyake vipya vyenye kile kipete cha plastiki chini ambacho kinakatika mara ya kwanza ukifungua. Tukajaza juisi inatoa moshi, mikono tumefunga vitambaa, tukafunga pale pale, tukalaza, tukangoja, tukaingiza chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, halafu kwenye lingine lililopoa zaidi, halafu kwenye maji baridi ya ziwa. Mambo yakaenda sawa na maandiko. Ningekufa saa ile, mungenizika kama enjinia wa kweli.

Kumbe chupa zilipopoa zikaanza kujikunja. Moja ikaingia mbavu, nyingine ikapinda kiuno, etiketi yangu nzuri yenye rangi ya machungwa ikafanya makunyanzi, na ndani ya nusu saa nilikuwa na chupa mia moja zinazofanana na wazee waliopanga mustari wa kutafuta unga. Nikashika kichwa. Tantine akachukua moja, akaigeuza, akasema ni muzuri, kwamba hata kifuniko cha sufuria yake kikipoa juu ya maharagi kinajivuta hivyo hivyo na kukataa kutoka, maana yake hewa haiingii. Alisema kweli kabisa. Ile mikunjo ndiyo iliyokuwa breve ya kweli, ilikuwa inasema chupa imeshika, kitu kibaya hakiwezi kuingia. Lakini je, enjinia anafundishwa na maharagi?

Nikachukua chupa moja, nikalegeza kifuniko kidogo tu, kipete kikakatika, ikavuta hewa fyuuu, na mbavu zikatoka, kiuno kikanyooka, ikasimama kama mutoto wa shule siku ya mutihani. Nilifurahi sana mimi. Nikakaa kwenye kiti kidogo pale nje, na vumbi la njia, na vidole hivi hivi nilivyokuwa nimefukuzia kuku, nikazifungua zote mia moja, moja moja, zivute hewa, nikazikaza tena. Tantine akaokota vitambaa vyetu. Alienda kuosha sufuria, na mutu akinyamaza vile nyumbani kwetu ujue ameshakuhurumia.

Nikazipanga chumbani. Kufika Jumatano zikawa ngumu, unabonyeza kidole hakiingii, ngozi laini, tumbo mbele, na mimi nikadhani zimenenepa kwa ubora. Nikampigia Kahindo simu kumwambia bidhaa imekomaa. Ijumaa baadhi zikavimba hadi chini, zikakataa kusimama, etiketi mbili zikapasuka, na bado sikuelewa, kwa sababu mutu akijipenda anaweza kuangalia ugonjwa akauita afya.

Siku yenyewe tukazipakia kwenye chukudu, na munajua barabara ya kwetu, mawe ya volkano kutoka mwanzo hadi mwisho, chupa zikapigwa ngoma mpaka Katindo. Mwenye chukudu aliniuliza mara mbili kwa nini mzigo wangu unalia. Nikamwambia asukume.

Tulifika, tukakaa chini ya hema, familia yao huku, yetu kule, wasemaji wakafanya michezo yao ya maneno, mbuzi zikaangaliwa meno, zikakubaliwa, na Kahindo alikuwa bado amefichwa ndani kwa desturi, akingoja aitwe. Mama wawili watatu wa upande wao, wenye kiu, walikuwa wameshajimiminia glasi wakati chupa zinashushwa, na mbona povu lilikuwa jingi, lakini wakasema ni tamu, inauma uma kwenye ulimi. Halafu musemaji wao akauliza: na kazi ya kijana iko wapi? Wangu akainua chupa juu, akaisifu kama amezaa yeye. Papa Kambale akanyoosha mukono, akasema ataifungua mwenyewe.

Hakuifungua. Ilijifungua. Kifuniko kilipaa kikapiga hema, na juisi ikamrukia muzee machoni, kwenye miwani, kwenye koti lake la harusi, ikapita ikamaliza kazi kwenye wigi ya mama aliyekaa karibu naye. Na hata hapo, niwaambie ukweli, ningepona, kwa sababu muzee alitoa kitambaa, akajipangusa pole pole, na pembeni ya mudomo nikaona kicheko kidogo kinataka kutoka. Halafu akaangalia kifuniko. Akaangalia kipete. Akaomba chupa nyingine, akaangalia kipete. Akaomba ya tatu kutoka chini kabisa.

Akasema bila kupandisha sauti, "Kijana, hizi chupa zote zilishafunguliwa."

Sasa ninyi ni watu wa hapa, sihitaji kuwaeleza sana. Kwetu hata maji ya kunywa yanafunguliwa mbele ya mugeni, na mwenye nyumba anaonja kwanza, na kila mutoto amekua akiambiwa na mama yake asile kwa watu, atapewa karuho, na karuho ni sumu isiyo na huruma. Mimi nilikuwa nimeleta kwa wakwe, siku ya dot, chupa mia moja zilizofunguliwa na kufungwa tena. Glasi zikaanza kuwekwa chini. Mama mmoja aliyekuwa amemaliza yake akaanza kuomba kwa lugha, mwingine akaenda nyuma ya nyumba na kidole mudomoni, viti vikasogea, na upande wetu wajomba zangu wakaanza kuangalia mulango uko wapi.

Kusema ukweli kungenigharimu dakika moja. Mimi nikadanganya. Nikasema ni barabara. Nikasema ni jua. Nikasema kule zinakotengenezwa vipete vinakuja vimekatwa, na nilimwambia maneno hayo mutu aliyeuza vinywaji kabla mimi sijazaliwa. Muzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasukuma ile chupa mbele yangu.

"Basi kunywa."

Nikanywa. Akachagua nyingine, nikanywa. Akachagua ya tatu. Mimi ni Muprotestanti wa tangu tumboni, bia sijawahi kuonja, na ile juisi wiki nzima ilikuwa imejigeuza pombe, na asubuhi sikula kitu kwa woga. Chupa ya tatu ilipofika katikati, ukweli ukapanda wenyewe. Nikasimama, nikaeleza yote, somo lililonipita, simu ya mapenzi, maharagi ya tantine, vidole na kuku. Wanasema niliomba mbuzi msamaha mmoja mmoja. Wanasema pia nilivua koti nikampa mama mwenye wigi. Ninachokumbuka mimi ni kwamba nilikuwa nalia, na nilimwambia muzee, "Zilikuwa na mikunjo, papa. Niliona haya kuzileta kwako zina mikunjo."

Muzee akamgeukia tantine Espérance, akamuuliza kama ni kweli. Nikajua damu yangu itanilinda. Tantine akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Ndiyo kweli, papa. Zilikuwa zimeshika muzuri sana. Yeye akazifungua ili zionekane vijana." Akakaa.

Papa Kambale akavua miwani, akaipangusa. Halafu akasema, na hadi leo hakuna mutu wa Katindo aliyeyasahau maneno hayo: "Sumu hakuna, hiyo nimeamini. Lakini mutu anayeharibu kitu kizuri sababu kimekunjamana, siku mutoto wangu atazaa na tumbo lake likunjamane, huyu atamufanya nini?"

Upande wa wamama ukatoa sauti moja, mmm, hata wamama wetu, hata tantine. Na hapo Kahindo akatoka ndani bila kuitwa, kitu ambacho hakifanyiki, amepambwa kutoka kichwa hadi miguu, mzuri mpaka unaumia. Nikafikiri amekuja kunitetea. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Jibu, Bahati. Hata mimi nataka kusikia."

Nilikuwa na jibu, naapa. Nilifungua mudomo kulitoa, na kilichotoka ni kile tumbo lilikuwa linakitayarisha tangu chupa ya kwanza, mbweu mrefu, mzito, wenye harufu ya marakuja, ulioanza mimi nimesimama na kwisha mimi nimekaa chini. Kahindo alirudi ndani. Mbuzi zilifunguliwa kamba.

Nilikaa wiki mbili sitoki. Halafu siku moja asubuhi nikaenda Katindo peke yangu, bila musemaji, nimebeba sufuria, makaa na beseni tatu, nikamuomba muzee nipike mbele yake. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Aliweka kiti. Nilifanya hivyo kila Jumamosi kwa miezi minne, najaza, nafunga, nalaza, napoza, na zikianza kujikunja muzee anainama anaziangalia, na mimi mikono naiweka nyuma kama mutu aliyekamatwa. Kahindo alikuwa anapita na nguo za kuanika, hanisalimii. Mwezi wa tano alinisalimia. Dot ya pili nilileta sukre.

Nimeapa kwamba kilichojifunga chenyewe kikashika, mimi sikigusi tena, hata kikiwa na sura ya namna gani. Na kiapo chenyewe kilijaribiwa mwezi uliopita, kwa sababu tumepata binti, mutoto mzima, asante Mungu, na Kahindo siku ya tatu aliinua nguo mbele ya kioo, akaangalia tumbo lake lote, juu na chini, akageuka akaniangalia mimi. Anangoja lile jibu.

Nikamwambia, "Kahindo, wewe umeshika muzuri," nikaenda mbio kuchemsha maji ya mutoto.