Nilimfundisha Mzee Bomba kudanganya alikozaliwa, akaikosa pensheni yake

Wakuu, habari za humu. Hili sijaliongeza chumvi. Ningetaka kupamba, ningejipamba mimi kwanza, maana kosa ni langu.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Tunduma, Mpanda, Kigoma, kote nimeishi. Mwaka juzi nikarudi Katandala, hapa Sumbawanga, nilikokulia. Wengi niliowaacha walishakufa.

Mzee Bomba alikuwepo.

Alikuwa fundi bomba wa serikali. Enzi zetu akimaliza kutengeneza bomba la mtaa, alituita watoto tunywe kwanza, akina mama na ndoo zao wasubiri. Sasa alikuwa amefiwa na mkewe, koti lile lile la enzi hizo, na upepo wa huku mnaujua.

Nikamuuliza, "Mzee, pensheni si unapata?"

Akacheka. "Pensheni ina fomu, mwanangu. Na fomu inauliza nilizaliwa wapi."

Kumbe kwao ni Mbala, Zambia. Alivuka akiwa kijana, akaajiriwa, akaoa hapa, akazika mke hapa. Alipostaafu akaogopa kwamba akijaza fomu atarudishwa. Akaacha. Miaka yote hiyo, wakuu.

Alikuwa na dada yake Mbala, ndiye pekee aliyebaki. Alitaka nauli na koti zuri, aende kumwona mara moja.

Mimi mjanja nikamwambia, "Andika Msanzi, upande wetu huu wa mpaka. Nani atajua?"

"Msanzi sina hata kaburi."

Nikamkaririsha wiki nzima kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ofisini alichuchumaa na kupiga makofi taratibu, heshima ya kizee, mbele ya binti wa umri wa mjukuu wake. Binti, lafudhi yote ya Mbeya, akaruka kwenye kiti.

"Shikamoo babu! Jamani nyanyuka, utaniletea laana!"

Tukacheka wote. Nikajua tumepita.

Mzee akajibu Msanzi, kama nilivyomfundisha. Fomu ikaenda kulinganishwa na faili lake la ajira.

Wiki kadhaa baadaye tukaitwa. Faili la zamani, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilisema Mbala. Binti safari hii hakucheka.

"Babu, haya ni makato yako mwenyewe. Hatuulizi uraia, tunauliza kama wewe ndiye mwenye faili. Mngesema ukweli, ningekupitisha siku ile ile. Sasa mmekuwa watu wawili, lazima ichunguzwe."

Njiani mzee alisema neno moja tu.

"Nilipokuwa kijana sikuogopa."

Uchunguzi ulikuwa haujaisha kipupwe kilipoingia. Kifua kikambana. Siku nne tu, akaondoka.

Msibani nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa karatasi zake zote nilikuwa nazo mimi. Nikaandika: alizaliwa Mbala, Zambia. Nikasoma, nikisubiri minong'ono.

Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja jirani akaniambia baadaye, "Sasa hilo nani alikuwa halijui?"

Wakuu, kama unaye mzee wa namna hii, mpeleke akaulize kwanza. Usimwongezee woga wako juu ya wake.

Mbala sijaenda kumwambia dada yake. Ni safari fupi, nami nimezunguka nchi nzima, lakini hiyo imenishinda.

Aliyewahi kupita njia hii aandike hapa chini. Na wa kunisema, aniseme. Nasoma yote.