Posa Niliyoituma kwa Mashine

Mkasa huu huwa siusimulii, na hata leo nausimulia nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu mke wangu keshawapa kipande na nyie mmekigeuza mnavyotaka.

Wakati ule wa Mwingereza nilikuwaga karani katika duka la Bwana Hasanali mjini, nikiishi Temeke kwa mjomba Elia, aliyenilea tangu baba alipofariki kule bara. Kampuni moja ya Ulaya ikamletea Bwana Hasanali mashine mpya, sanduku zito lenye magurudumu mawili na utepe, unasema nayo inayanasa maneno yako, kisha inakurudishia sauti yako mwenyewe. Mie ndiye niliyefundishwa kuiendesha, basi nikavimba kichwa, nikajiona nimeshakuwa Mzungu nusu.

Sasa nilikuwa nataka kumposa Anna, binti wa Mwalimu Yohana, na mnajua posa husemwa na mshenga, mtu mzima wa upande wako, na mshenga wangu alikuwa mjomba. Nikaona haya. Nikaamua posa yangu isemwe na mashine (ndiyo, chekeni tu, hata mie ningecheka).

Nikajinasa dukani kwa maneno laini, nikamaliza, nikanyamaza, nikidhani ukinyamaza na yenyewe inanyamaza. Bwana Hasanali akaniuliza maswali mawili matatu, nikamjibu, tukafunga duka. Baadaye niliujaribu utepe mwanzo tu, maana betri ya gari tuliyoitumia ilikuwa ya kuonea huruma.

Jumapili tukaenda, mie na sanduku, mjomba na zawadi ya kanga. Mwalimu na kaka zake wawili sebuleni, Anna na mama yake nyuma ya pazia. Mashine ikasema, "Shikamooni, wazee wangu," na wale wazee, kwa heshima zao, wakaliitikia sanduku, "Marahaba." Posa ikasemwa ikaisha, nyuma ya pazia nikasikia vigelegele vya chini chini, nikatulia kitini nikivisikiliza badala ya kwenda kuzima.

Ndipo ikatoka sauti ya Bwana Hasanali: "Kwani wewe huna mzee wa kukusemea?"

Na yangu ikajibu, "Ninaye mjomba, lakini mshamba yule, bwana. Akianza kuongea ataanzia habari za ng'ombe, na koti lake linanuka ugoro mtupu. Nitamkalisha pembeni, asifungue mdomo."

Nikaruka kwenda kuzima, nikazungusha kitufe cha sauti badala ya kile chenyewe, na neno ugoro likasikika mpaka kwa jirani. Mwishowe nikang'oa waya wa betri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mjomba hakunitazama. Akasimama, akavua lile koti, akalikunja vizuri, akaenda kuliweka nje ya mlango, akarudi akakaa.

"Mwalimu," akasema, "kijana huyu nimemlea mie. Kama adabu imempungukia, mkosaji ni mie. Nimekuja kumwombea mke, na ninawaomba msimhukumu kwa siku moja."

Hakutaja ng'ombe hata mmoja. Mwalimu Yohana akasema, "Mzee Elia, wewe nimekusikia. Binti yangu nampa mtoto wako wewe. Huyu mwenye sanduku simjui."

Ndivyo nilivyopata mke, na mpaka leo tukikosana kidogo Anna ananikumbusha kwamba yeye aliposwa na mjomba.

Nimeapa sitamsema mtu nyuma ya mgongo wake, mashine iwepo isiwepo, na washenga wa wanangu watakuwa watu wenye midomo yao. Lakini hicho si kinachoniuma. Kinachoniuma ni kwamba tulirudi Temeke siku ile mjomba akinisaidia kubeba ile betri, akaishi na mie miaka mingine mingi bila kuligusia lile jambo, na kila siku nilisema kesho nitamwomba radhi. Tulimzika sijamwomba.