Besi ya Matangani

Nimepiga besi ujana wangu wote na sijawahi kumfanya mtu acheze. Nasema mapema, mtu asije akadhani anasoma habari za bendi ya dansi, mabwana wa suti na wanenguaji. Sisi tulikuwa watatu tu, Nachingwea, miaka ya tisini: mimi kwenye besi, mwenzangu kwenye gitaa la solo, na fundi baiskeli mmoja aliyepiga ngoma na madebe. Tulipiga rock. Tulianzia kwenye kanda alizoacha mwalimu mmoja wa kigeni, tukaziiga mpaka tukachoka, kisha mwenzangu akasema basi, sasa tuvunje.

Tukavunja kweli. Wimbo aliokuwa akiupenda kuliko yote ulikuwa na noti tatu tu za besi. Nilizipiga polepole, nikazirudia na kuzirudia, huku yeye akisugua nyuzi za gitaa kwa spana na fundi akigonga debe pale ambapo hakuna aliyetegemea. Maneno hapana, kiitikio hapana. Uzi mmoja wa besi yangu ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, maana wa dukani ulikatika na Nachingwea nzima huupati. Ule waya ulinguruma vibaya, na mwenzangu akaupenda mngurumo huo. Aliamini tuna kitu, na mimi nilimwamini yeye.

Watu je? Aa, wapi! Sokoni walituuliza tunaanza saa ngapi, na hapo tumeshamaliza. Kilimarondo tulipiga baada ya mavuno, wenyeji wakatubembeleza tubaki, eti tangu tuwashe spika tembo hawajasogea mashambani. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mwenzangu hakucheka. Njiani akaniambia, "Mimi sitafuti sifa, ndugu yangu. Nataka watu wakae, watusikilize mpaka mwisho, kama wanavyomsikiliza mtu mwenye akili zake. Mara moja tu."

Nafasi ilitokea Ruangwa. Bwana mmoja aliyekuwa akizunguka kurekodi bendi kwa ajili ya redio angepita pale siku moja, kesho yake anashuka Lindi. Tukaazima jenereta, tukadandia lori la korosho na vyombo vyetu. Asubuhi tulipofika tukakuta mtaa mzima uko msibani. Bibi mmoja, mtengeneza togwa aliyejulikana na kila mtu, alikuwa amefariki. Nani atawasha gitaa kwenye matanga, watu hata redio wamezima? Tungepigwa, na tungestahili.

Yule bwana wa redio akaangalia saa yake, akasema pole jamani. Mwenzangu alikaa juu ya spika. Kisha akainuka, akamuuliza mpita njia marehemu ni wa ukoo gani. Alipojibiwa, akanigeukia, macho yanawaka. Mimi na yeye tulikuwa ukoo mmoja upande wa mama, na ukoo wetu na ule wa marehemu ni watani.

Kwetu mtani akifika msibani hazuiwi. Wenzake wanalia, yeye anafanya vituko: anavaa kanga za marehemu na kuiga mwendo wake, anawatukana wafiwa machoni, na hakuna anayekasirika. Asipokuja ndiyo wanaumia. Basi mwenzangu akasema tuingie kama watani, tukishaingia tupige wimbo wetu, wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Lakini watani wanaingia kuchekesha," nikamwambia.

"Wakishakaa watasikiliza. Binadamu ana masikio, bwana."

Wafiwa walitupokea kwa kelele. "Watani hao! Mmefuata ubwabwa tu, hamna haya!" Binti wa marehemu akanipaka majivu usoni. Tukawasha jenereta, nikaanza zile noti tatu. Jamani! Kicheko kilichoripuka pale sijakisikia tena maishani. Fundi kila alipogonga debe, nao waliitikia. Spana ilipogusa nyuzi, mama mmoja alianguka mkekani akijishika mbavu. Mwenzangu alifumba macho akapiga, na nasema kweli, hajawahi kupiga vile. Machozi yakaanza kumtiririka. "Mtazameni anavyojifanya kulia!" wakapiga kelele. "Huyu ndiye mtani!"

Tulifika mwisho wa wimbo. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeondoka katikati.

Yule bwana wa redio, aliyetufuata na mashine yake, alirekodi yote, kicheko na sisi. Wimbo ulitoka redioni kweli, tukausikia tukiwa kwenye kibanda cha chai Nachingwea, tena kwenye kipindi cha vichekesho. Mtangazaji alisema watani wa kusini hawana adabu hata kwa maiti, akaweka nusu ya wimbo, naye mwenyewe akicheka juu yake. Watu kibandani wakatupigia makofi. Mwenzangu aliacha chai yake mezani akatoka.

Tangu hapo tulikuwa bendi ya matanga. Ukoo wowote tuliokuwa na utani nao, ukifiwa, wanatuma mtu: waiteni wale wa spana. Tulikwenda Chinongwe, tukaenda vijiji ambavyo hata barabara vilikuwa havina. Mwanzoni mwenzangu aligoma. Baadaye akaja, kwa sababu moja tu, kwamba pale msibani ndipo mahali pekee tulipoachwa tumalize wimbo. Fundi alizoea haraka. Akajinunulia kofia nyekundu, akajifunza kutumbua macho kila akigonga debe. Ningemlaumu vipi? Watu walimpenda, na kupendwa ni kutamu.

Mimi nilikuwa natumbua macho pia. Mwenzangu kamwe. Alifumba yake na kupiga kama siku ile ya Ruangwa, nao walicheka zaidi kwa sababu yeye hakucheka. Hivyo ndivyo tulivyouingia mwaka elfu mbili na tukaendelea. Vijana wakaja na bongo fleva na simu zao, harusi zikachukua muziki wa CD, na sisi tukabaki na wafu.

Kisha kifua kikaanza kumbana mwenzangu. Nilikuwa nakwenda kukaa naye mchana, tunatazama ukuta pamoja. Siku moja akaniuliza, "Hivi ule wimbo ulikuwa mzuri? Au nilijidanganya?"

"Ulikuwa mzuri."

"Wewe ulikuwa unaupiga. Namuuliza aliyeusikia, na simpati."

Nikarudi kutazama ukuta. Roho iliniuma, inaniuma mpaka leo. Alifariki kabla korosho hazijaanza kuanguka.

Mimi kwake sikuwa mtani. Nilikuwa ndugu, mfiwa, mtu wa kukaa kwenye mkeka na kupewa pole. Lakini siku ya kuondoa matanga nilibeba besi yangu na spika ndogo ya betri, nikaomba ruhusa kwa wajomba, nikakaa mbele ya nyumba yao. Sikujipaka majivu, sikuvaa kofia. Nilitaka kumpigia ule wimbo kama alivyoutaka yeye, watu wakae wasikilize. Fundi nilimkatalia asije na debe.

Nikapiga noti ya kwanza. Wanawake waliokuwa jikoni wakachungulia. Noti ya pili, mmoja akaguna. Ya tatu, uani kukaripuka kicheko. "Mtani kafika!" Nikasimama, nikawaambia mimi siyo mtani, mimi ni ndugu wa marehemu, nyamazeni tafadhali. Wakazidi kucheka. Walidhani ndiyo kituko chenyewe. Kwa hasira nikataka kuipasua besi ukutani.

Hapo nikamwona mama yake. Tangu mazishi hakuwa amekula wala kusema na mtu. Walikuwa wanamnywesha uji kwa kijiko. Sasa alikuwa ameshika kanga mdomoni, mabega yanaruka. Alikuwa anacheka. Akasogea mpaka nilipokaa, akanishika goti, machozi na kicheko vimechanganyika usoni.

"Endelea, baba," akasema. "Ndivyo alivyokuwa mwanangu. Mungu alimpa kipaji cha kuchekesha watu."

Nikamwangalia. Kisha nikatumbua macho, nikapiga tena.